Tangazo la maji liseme tatizo ni nini

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Masika yakishika, redio na magazeti yetu hutangaza: "Wananchi wachemshe maji ya kunywa." Habari imekwisha hapo. Hilo halitoshi, na mara nyengine linapotosha.

Kuchemsha huua vijidudu, vya kipindupindu vikiwemo. Lakini hakuondoi chumvi ya bahari iliyoingia kisimani, wala naitreti, yaani kemikali itokayo kwenye makaro na mbolea. Bali kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo vitu hivyo vinavyokolea. Shirika la Afya Duniani linataka naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Mama akiambiwa "chemsha" tu kwa kisima cha namna hiyo, amedanganywa bila kukusudiwa. Basi mwandishi aulize kwanza: kilichopimwa ni nini, na kimeonekana nini?

Aulize pia ni wapi. "Mjini" si jawabu. Itajwe shehia na chanzo. Makunduchi, Paje na Jambiani, huku kusini mwa Unguja, jiwe ni la matumbawe, lina matundu, na mvua hushusha uchafu wa makaro hadi kisimani bila ya kuchujwa vya kutosha. Maji ya mfereji yana tatizo lake: yakikatika, bomba lenye ufa hunyonya maji machafu yaliyolizunguka. Yakirudi, yaachiwe yatoke mpaka yang'are, na hayo ya mwanzo yatumike chooni.

Tatizo likiwa vijidudu, tangazo litoe vipimo. Maji yatokote kweli kweli kwa dakika moja, kisha yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Anayetumia klorini, kidonge cha miligramu 67 kinatosha dumu la lita 20 la maji maangavu. Asubiri nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha vitiwe vidonge viwili, kwani tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Harufu ndogo ya dawa isiwatishe watu; ni dalili kwamba bado inafanya kazi. Wachotaji wasitumbukize mikono, watumie kata yenye mpini au dumu lenye bomba.

Na tahadhari ikiondolewa, itangazwe kwa sauti ile ile, pamoja na tarehe ya kipimo na matokeo: hakuna kijidudu cha kinyesi katika mililita 100.

Mafundi wa maji,
Unguja