Jogoo Hachinjwi Mpaka Ufike

Tukuyu,
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Ugonile, mama? Sisi huku tumeamka salama. Mvua haijakata tangu juzi. Mlima Rungwe leo siku ya tatu hatujauona, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani.

Jana uliponipigia simu sikukujibu ipasavyo. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, nawe ulikuwa unalia, na mimi kwenye simu maneno hunikaukia mdomoni. Ulisema ratiba ya zamu imetoka, kwamba utakuwa wodini usiku wa tarehe 24, wa 25 na wa 26, na likizo yako inaanza tarehe 2 Januari. Ukasema, "Baba nisamehe, mtoto Krismasi yake ya kwanza hataila nyumbani." Nikakwambia usijali, simu ikakata. "Usijali" ni neno dogo mno kwa jambo kama hili, ndiyo maana nimeketi kuandika. Barua utaipokea pale stendi ya Msamvu, Morogoro, pamoja na boksi la parachichi. Kondakta nimempa namba yako.

Nataka nikusimulie jambo ambalo unalijua nusu tu, kwa sababu lilianza ukiwa na miezi minane, umri alionao mwanao leo.

Mwaka 1995 nilikuwa na mwaka wa nne kwenye gari kubwa, nikichukua mizigo bandarini Dar es Salaam kupeleka Lusaka. Nilimwahidi mama yako kwamba tarehe 24 nitakuwa nyumbani: gari nitaliacha Uyole na utingo, nilale kwangu siku mbili, kisha tuendelee na safari ya Tunduma. Tarehe 23 jioni, Makambako tumeshaipita, giaboksi ikafa jirani na Igawa. Spea ilikuwa Dar, mwenye gari alikuwa Dar, na simu za mkononi huku kwetu hazikuwapo. Dereva haachi mzigo wa watu barabarani. Tulilala chini ya tela mimi na utingo wangu usiku sita, tukisikia magari ya wenzetu yakipita kuwahi makwao. Usiku wa Krismasi mama mmoja muuza chai alituletea viazi vya kuchemsha na birika zima la chai, akakataa hela. Mpaka leo nikipita Igawa huwa naangalia kile kibanda kilipokuwa.

Tarehe 30, Jumamosi asubuhi, nikapanda Hiace pale Uyole. Njia nzima, Isongole hadi Kiwira, nilikuwa napanga maneno ya kujitetea. Nilijua nitakuta sikukuu imeshaliwa, nitapewa kiporo na lawama. Nikakata kona ya nyumba, na kitu cha kwanza kukiona ni jogoo. Amefungwa mguu mmoja kwa kamba ya mgomba, kwenye ule mgomba wa karibu na jiko, anadonoa mahindi. Mzima. Amenenepa. Nilisimama na begi langu kwenye mvua nikimwangalia, sielewi. Mama yako akatoka jikoni amekubeba mgongoni, umelala, mdomo wazi. Akasema, "Krismasi ni kesho. Ingia ubadili nguo, umelowa."

Tarehe 25 alikwenda kanisani kama watu wote, akarudi, akala ndizi na maharage. Majirani walipomuuliza mbona jikoni kwake hakunukii kitu, aliwajibu kwamba mwenye nyumba hajafika. Jibu hilohilo siku zote sita. Hakujua niko wapi, wala kama ni mzima, lakini jogoo alimlisha kila asubuhi.

Ndipo ilipozaliwa ile mliyokuja kuiita Krismasi ya Baba. Kwa miaka yote niliyoendesha, mpaka nilipoacha mwaka 2015, sidhani kama nilifika tarehe 25 yenyewe zaidi ya mara tano. Mara foleni ya Tunduma, mara mzigo umechelewa kutoka bandarini, mara mvua. Mara nyingine nilifika 27, mara nyingine 29. Iliyochelewa kuliko zote ililiwa tarehe 5 Januari 2003, nanyi mnakaribia kufungua shule. Hakuna hata mwaka mmoja niliokuta jogoo amechinjwa.

Shangazi zako walimsema sana mama yako. Sikukuu ina tarehe yake, walimwambia, huwezi kuivuta kama kamba ya mbuzi. Yeye aliwajibu kwa swali: nyota ya kanisani imeshashushwa? Unajua kwetu Wamoravian nyota inatundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, haishuki mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Maadamu nyota iko juu, Krismasi ipo. Mchungaji alitusimulia siku moja kwamba nyota ile ilianzia Ujerumani katika karne ya 19, kwenye shule za bweni za Wamoravian. Walioikata na kuibandika ni watoto ambao wengi wao wazazi wao walikuwa mbali ng'ambo, kwenye umisheni, kama hao waliofika hapa Rungwe mwaka 1891. Nilikuwepo ibadani siku hiyo, bahati. Mama yako alinigeukia akanitazama, hakusema kitu. Wiki hiyohiyo ndipo alipotengeneza ile ya kwenu ya karatasi ya manila, na wewe ukashika bakuli la uji wa ngano wa kubandikia, ukaumwaga nusu.

Dereva mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba Ethiopia Krismasi yao huwa tarehe 7 Januari. Nilimletea mama yako habari hiyo kama zawadi. Alifurahi kuliko kitenge.

Sasa nikwambie kilichonitoa machozi jana baada ya simu kukata. Nilikwenda stoo nikatoa sanduku la bati. Unakumbuka ndani ya kifuniko kuna nini. Mlipokuwa wadogo nilikuwa nawasimulia habari za mizani, jinsi gari linavyopandishwa pale Makambako na kupimwa, likizidi uzito kuna faini. Mwaka 1995, siku ile ya tarehe 31, mama yako alisema basi na huyu tumpime, tujue baba yake amekuta mzigo wa kilo ngapi. Akaazima ile mizani ya kuning'iniza kwenye banda la kupimia chai, akakuweka kwenye tenga la kuchumia, tukalitundika kwenye boriti. Ulinyamaza kimya, umeshika ukingo wa tenga kwa mikono miwili, unaangalia juu. Kilo nane. Akaikwaruza kwa msumari kwenye kifuniko: 1995, 8.

Na kila Krismasi ya Baba kazi ya kwanza ilikuwa hiyo, kabla hata kisu hakijanolewa. Namba zote zipo. 1996, kumi. 1997, kumi na mbili. Mdogo wako anaanzia 1998, na mwandiko wa mama yako pale umeinama, kwa sababu alikuwa anakwaruza huku amembeba. Mwaka 2001 wewe ni kumi na nane. Mwaka 2007 ni thelathini na sita, na pembeni kuna alama ya msalaba, maana siku hiyo mpini wa tenga ulikatika, nawe ukaanguka chini ukicheka mpaka ukashindwa kusimama. Ndiyo ilikuwa mwisho wako kupimwa. Picha hatukuwa nazo, kamera ilikuwa ya watu wengine. Mimi kukua kwenu nilikusoma kwenye bati. Nilikuwa nasafiri miezi, narudi, naambiwa mtoto ameongezeka kilo mbili, najua ni kilo mbili ambazo sikuziona zikiingia.

Lakini sitaki kukuandikia kana kwamba ilikuwa tamu siku zote. Mwaka 2004 ulikuwa na miaka tisa. Nguo za sikukuu nilikuwa nawanunulia Kariakoo nakuja nazo mwenyewe, na mwaka ule nilifika tarehe 29. Tarehe 25 ulikwenda kanisani na gauni la mwaka uliotangulia. Mama yako alikuwa amelikunjua pindo ili liongezeke urefu, na pale pindo lilipokuwa pakaonekana mstari wa rangi ya bluu ambayo haijapauka, unazunguka gauni lote chini ya magoti. Wenzako wakauona huo mstari. Niliposhuka na begi hukuja kunipokea. Gauni jipya hukulivaa. Ulisema, na nilisikia nikiwa mlangoni, "Krismasi ya Baba siyo Krismasi." Ukaenda kukaa kwenye shamba la chai mpaka giza.

Ulikuwa na haki, mama. Sikukwambia wakati ule, nakwambia sasa. Mama yako usiku aliniambia maneno machache tu: nguo zitangulie. Kuanzia mwaka uliofuata nilizituma mwezi wa kumi na moja kwa basi, hata kama ni kwa kukopa. Na mwaka huo wa 2005 nilipokata kona nilikuta jogoo amefungwa fundo la ajabu, miguu yote miwili, kamba imezungushwa kama mzigo wa gari. Nikauliza nani kafunga hivi. Mama yako akakunyooshea wewe mdomo.

Yeye ndiye aliyekuwa anasubiri. Hili nimelielewa tangu Machi 2022 alipotuacha. Mimi miaka yote nilikuwa mtu wa kufika tu, nakuta moto umewashwa. Krismasi ile ya 2022 mlikuja tarehe 24 mkaondoka 26, tukachinja mapema asubuhi kama watu wanaomaliza kazi. Nyota sikuitundika. Ya mwaka jana vilevile, mdogo wako alikula kwangu mchana akarudi Mafinga kiwandani jioni. Hakuna aliyekosea, kila mtu alikuja na tarehe yake. Ila niliosha vyombo vitatu siku ile nikaona aibu mbele ya mama yako.

Kwa hiyo usinitake radhi. Tulia usikie nilivyopanga.

Jogoo nimeshamnunua, mwekundu, wa jirani yetu wa juu. Nimemfunga kwenye mgomba wa karibu na jiko. Siyo ule, ule uliangushwa na upepo zamani, ni chipukizi lake la ngapi sijui. Mchele wa Kyela upo. Nyota ya manila panya walikula ncha mbili, nimekata nyingine, na Jumapili nitaitundika. Mdogo wako nimeongea naye: tarehe 25 atakuja tuende ibadani, tutakula ndizi na maharage, atarudi kazini, kisha atakuja tena Ijumaa ya tarehe 3 usiku. Krismasi ni Jumamosi, tarehe 4 Januari. Nyota ya kanisani itakuwa bado juu. Shangazi yako mkubwa nilipomwambia alikaa kimya kidogo, kisha akauliza alete nini.

Wewe na mume wako pandeni basi la asubuhi tarehe 3. Mkipita Ruaha Mbuyuni mninunulie vitunguu, kile kifuko chekundu kimoja kinatosha, na msipandishe Kitonga kabla mtoto hajanyonya, akishiba atalala mlima wote. Mkishuka Uyole mtanikuta. Najua baridi na nitavaa koti, usianze kunigombeza. Barabara ile yote sijawahi kumsubiri mtu, ni mimi niliyesubiriwa, nami ninataka kusimama pale.

Kuhusu tarehe 25 yenyewe. Jioni kabla hujaingia zamu, mvalishe mtoto, mwende hata ibada fupi. Kisha nenda kazini kwa moyo mweupe. Najua wodi ya wazazi usiku wa sikukuu mnabaki wachache. Yule mama wa Igawa hakunijua jina, wala hakujua nina mtoto wa miezi minane nyumbani, lakini mimi Krismasi yangu ya mwaka 1995 niliila kwake, kwenye kikombe cha bati. Chukua chupa kubwa ya chai, weka tangawizi, na maandazi ya kutosha wenzako wa zamu na wale waliokuja kuuguza wanaolala kwenye mabenchi. Hela ya unga na sukari nimekutumia kwenye simu, usinirudishie.

Mizani ya chai nimeiomba bandani, karani amekubali kuniazima kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Tenga nimesukiwa jipya, lile la zamani halishiki tena mtu. Leo asubuhi nimefuta vumbi kwenye kifuniko cha sanduku kwa kitambaa chenye mafuta. Chini ya namba zako na za mdogo wako nafasi ipo ya kutosha. Msumari anao mama yako bado, maana ule wa zamani aliuweka kwenye kopo lake la vifungo, na kopo sikuligusa.

Mtoto mje naye na masweta mengi, huku ni baridi hata kwa sisi wenyeji. Ila siku ya kumpima tutamvua yote kwanza, karibu na moto. Mama yako hakukubali kuhesabu sweta.

Msalimie sana mume wako. Mjukuu wangu mbusu.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Ni mimi baba yako.