Tangi la matumbawe Mbeya lina bajeti yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwaeleze wasomaji wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe jambo moja kuhusu kufuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe ndani ya nyumba, shughuli ambayo vijana wengi siku hizi wanaiona kwenye simu zao na kuitamani. Inawezekana kuianza kwa fedha za wastani. Hata hivyo, ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari, na anayeufuata neno kwa neno akiwa Uyole au Mafinga atatumia fedha pasipostahili, kisha atabana matumizi mahali ambapo kubana kunaua viumbe.

Nianze na joto. Matumbawe ya kitropiki hustawi katika maji ya nyuzijoto 24 hadi 27. Mfugaji wa Dar es Salaam huhangaika kununua feni au mashine ya kupoza maji; sisi gharama hiyo haituhusu, ila tunayo ya kinyume chake, kwani usiku wa Juni na Julai chumba kinaweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini ya hapo. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 75, upana 40 na kimo 40, ambalo likijaa huchukua lita 120. Kwa baridi yetu linahitaji hita za jumla ya wati 200, nami naona hita mbili za wati 100 ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikikwama ikiwa imewaka haitaweza peke yake kupandisha joto hadi kuua kila kitu, na moja ikifa usiku, nyingine itaokoa sehemu ya joto hadi asubuhi. Wati 200 zikiwaka nusu ya siku zinakula uniti 2.4, yaani uniti 72 kwa mwezi. Mwenye nyumba aliye katika daraja la D1 la TANESCO, ambalo ni la wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba hita hizo zikijumlishwa na matumizi mengine ya nyumba zinaweza kumtoa katika daraja hilo na kumpeleka kwenye bei ya juu. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza iende kwenye kuzuia joto lisipotee: mgongo na ubavu wa tangi ufunikwe kwa zile sponji ngumu nyeupe zinazokuja na televisheni, juu uwekwe mfuniko wa kioo ulioachwa nafasi ya hewa, na tangi lisisimame karibu na dirisha.

Nafasi hiyo ya hewa ina sababu ambayo ushauri wa pwani hauigusi kabisa. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiwango hichohicho: maji ya bahari yenye nyuzi 25 ambayo huko pwani hushika kama miligramu 6.7 kwa lita, hapa hushika kama 5.5. Kwa hiyo pampu ya kuzungusha maji ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike muda wote, idadi ya samaki iwe ndogo kuliko inayotajwa vitabuni, na iwepo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika. Pampu hiyo ni kifaa cha bei ndogo, nami ningeitanguliza mbele ya taa ya kifahari.

Kuhusu chumvi, wengi huuliza kama chumvi ya kawaida ya dukani haiwezi kutumika. Haiwezi. Maji yanapokaushwa katika mashamba ya chumvi ya pwani, kalsiamu nyingi hutangulia kutuama ikiwa jasi, chumvi ya kula hufuata, na magnesiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Ukiirudisha chumvi ile katika maji hupati bahari, kwa maana matumbawe yanahitaji kalsiamu ya takriban miligramu 420 na magnesiamu ya takriban 1,300 kwa kila lita ili yajenge mifupa yao. Inunuliwe chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya baharini, ipimwe gramu 35 au zaidi kidogo kwa lita, na maji yahakikiwe kwa kipimo hadi uzito wake linganifu, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji safi, ufikie 1.025. Maji yanapopungua kwa kukauka, na wakati wa kiangazi chetu hukauka haraka, yanayoongezwa ni maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haiendi popote.

Maji baridi yenyewe yasitoke moja kwa moja bombani, kwani klorini na shaba ni sumu kwa viumbe wa mwamba. Tukuyu mvua ni tele, lakini ile iliyopita juu ya bati hubeba zinki. Njia nafuu ni kununua kwa wale wanaochuja maji ya kunywa mitaani kwa mitambo ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia chumvi na madini, baada ya kuwauliza kama hawarudishi madini mwishoni.

Mahali pa kuokoa fedha papo. Tangi litengenezwe na fundi vioo wa hapahapa kwa kioo cha milimita 8 na silikoni isiyo na dawa ya kuvu. Mtambo wa kutoa povu, unaoondoa uchafu majini, unaweza kusubiri, mradi asilimia 10 ya maji ibadilishwe kila wiki, kazi ambayo kwa tangi hilo hula chini ya kilo mbili za chumvi kwa mwezi. Badala ya mawe ya gharama, vipande vya vyungu vya Wakisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, visivyopakwa rangi, vina vitundu ambamo bakteria wanaweza kukaa.

Bakteria hao ndio wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na wanahitaji wiki nne hadi sita kabla samaki wa kwanza hajaingia. Muda huo haununuliki.

Jambo ambalo silikubali ni kuokoa fedha kwa kumtuma dereva wa lori akachukue matumbawe Mtwara au Mafia. Eneo la bahari la Mafia ni hifadhi tangu mwaka 1995 na Ghuba ya Mnazi tangu 2000, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Miamba yetu iliunguzwa vibaya na joto la mwaka 1998 na kupasuliwa kwa baruti miaka mingi. Anayeanza anunue vipande vilivyokuzwa katika matangi, vyenye nyaraka, tena vya matumbawe laini kama Sarcophyton au ndugu zao Discosoma, ambavyo havidai mwanga mkali. Acropora, tumbawe gumu linalodai mwanga mkali, aiache kwanza. Na ambaye baada ya hesabu hii ataona mfuko haumruhusu, ziwani kwetu wamo mbuna, samaki wa Nyasa wanaotafutwa na wafugaji duniani kote, nao hawahitaji chumvi hata kijiko.

Ombi langu ni kwa wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wa Mbeya na Iringa: agizeni chumvi ya matangi kwa ndoo kubwa za kilo 20 na zaidi, kisha muiuze kwa kilo. Ndoo moja inatosha zaidi ya lita 500, na hakuna mfugaji mdogo anayehitaji kuinunua yote kwa mkupuo.

Msomaji wako,
Forest ya Zamani, Mbeya