Umemeza Flagyl, uvimbe wa jino umerudi tena?

Wateja wengi hufika kliniki yetu ya meno shavu limevimba na dozi mbili zimeshamezwa. "Daktari, nilimeza Flagyl ikatulia, sasa imerudi." Mara nyingi dawa waliyomeza si mbaya. Kilichokosekana ni kutoa usaha.

Jino likioza mpaka kwenye kiini, mishipa iliyomo hufa. Humo ndani hakuna damu wala oksijeni, na bakteria wasiohitaji hewa hustawi, wakashuka hadi ncha ya mzizi na kufanya jipu. Ile harufu kali usaha unapotoka ni kazi yao. Metronidazoli, yaani Flagyl, huwapata hasa hao: ikiingia ndani yao hubadilika kuwa sumu inayoharibu DNA yao. Wanaotumia hewa haiwadhuru, ndiyo maana mara nyingine daktari huiandika pamoja na amoksilini. Faida yake kwa fizi ilijulikana Uingereza mwaka 1962, pale mwanamke aliyekuwa akitibiwa trikomona (vimelea vya ukeni) kwa dawa hiyo alipopona pia vidonda vya fizi.

Sasa, kidonge husafiri kwa damu, na kwenye kiini kilichokufa damu haifiki. Uvimbe hushuka, chanzo kikabaki palepale, baada ya wiki kadhaa kinaamka. Kwa hiyo sisi hupiga eksirei, tukachoma ganzi, kisha tukafungua jino na kusafisha mizizi, au tukaling'oa kama halifai tena. Jipu lililoiva tunalipasua. Wengi hupata nafuu usaha ukitoka tu, bila antibayotiki yoyote. Dawa tunaandika uvimbe ukisambaa au kukiwa na homa.

Ukiandikiwa metronidazoli, usinywe pombe mpaka saa 48 zipite baada ya kidonge cha mwisho. Ladha ya chuma mdomoni na mkojo wenye rangi nzito visikutishe.

Lakini uvimbe ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuka, mdomo ukagoma kufunguka, au mate yakakushinda kumeza, usisubiri miadi yetu. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Ukija kwetu, beba paketi za dawa zote ulizomeza, hata zilizo tupu, na utuambie mapema kama una ujauzito au unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Metronidazoli huiongezea nguvu na damu huweza kuvuja.