Barua kwa mwanangu: injini ya Land Rover ya babu yako

Makorora, Tanga

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo, joto la kaskazi tu ndilo linatutesa. Shangazi yako anakusalimu sana.

Umeniandikia kwamba unataka kuifufua ile Land Rover mia na tisa ya babu yako, na kuna kijana hapo Dodoma amekushauri uing'oe injini ya petroli uweke 1HZ, ile injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser. Kuifufua nimefurahi sana. Huo ushauri sijaupenda. Mimi si fundi, lakini nimesimama kwenye kaunta ya duka la spea Ngamiani tangu wewe hujazaliwa, na kuna jambo nililiona kwa wateja waliobadilisha injini: wengi hawakurudi kununua spea ya injini. Walirudi kununua diski ya klachi, gia, krosi za propela, rejeta, breki. Injini ilikuwa nzima, gari ndilo lililoshindwa kuibeba.

1HZ ni injini ya kazi, hilo silipingi. Silinda 6, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta. Ilitoka 1990 na mpaka leo ukiona hadtopu ya hospitali au ya watalii inapanda mlima bila wasiwasi, ujue mara nyingi ndiyo iliyo humo. Lakini ilitengenezewa gari lenye gia boksi ya saizi yake. Ya babu yako ni Series III, imetoka kiwandani na injini ya silinda 4, cc 2,286, nguvu farasi kama 70 hivi. Hiyo ya Toyota inakaribia 130. Nguvu hiyo yote unaipitisha kwenye gia zilezile alizoziacha marehemu? Utaniambia utafunga na gia boksi ya Toyota. Haya, basi propela zikatwe, mauntingi zichomelewe upya, rejeta isogezwe mbele maana injini ni ndefu, na bado hujagusa waya. Ukimaliza una gari analolijua fundi mmoja tu duniani, naye akihamia Mwanza umekwisha.

Kabla hujafika huko, nani kasema ile ya zamani imekufa? Imelala miaka, sawa, na kabla ya kulala ilikuwa inakula oili. Injini inayokula oili haijafa. Ile ni chuma kitupu, bloku na hedi, taimingi yake ni ya cheni, na fundi yeyote wa makamo hapa Tanga ameshawahi kuishusha. Silinda zinachongwa, pistoni za ovasaizi zinaingia, krenki inasagwa. Angalia tu kwamba hii ya kwetu ni ya kabla ya 1980, krenki imekaa kwenye beringi 3. Kuanzia mwaka huo waliweka 5, na ukipata bloku ya namna hiyo usiiache. Ubaya wake ni petroli. Lita moja, kilomita tano au sita. Babu yako alipokuwa akishusha machungwa kutoka Muheza, faida ya magunia ya juu ilikuwa ni ya kituo cha mafuta, na alikuwa akilisema hilo kila jioni mpaka tukalizoea.

Kama ni dizeli tu unayoitaka, tafuta 200Tdi. Ni ya Land Rover wenyewe, cc 2,495, ilianza kwenye Discovery 1989 kisha Defender. Nguvu farasi 107 ikiwa ya Defender, 111 ikiwa ya Discovery, na kwa lita moja inakwenda kilomita tisa, kumi ukiendesha kwa adabu. Uzuri wake ni kwamba inakaa kwenye gia boksi ya zamani bila kuchongewa sahani ya kuunganishia. Uliza imetoka kwenye gari gani, kwa sababu ya Discovery tabo yake imekaa chini na itakugombanisha na chesisi. Ya Defender tabo iko juu, haina matata. Wakikuletea 300Tdi wakakwambia ni kitu kilekile, si kweli. Mauntingi zake zimekaa kwingine, utarudi kulekule kwenye kuchomelea.

Sasa breki, na hapa naomba utulie, baba, maana vijana wengi mnakurupuka kwenye injini mnasahau hili. Busta ya breki ya gari lile inanyonya hewa kwenye manifodi ya injini ya petroli. Kabureta ina kikombe kinachofunga hewa, ndiyo maana injini inavuta, na ule mvuto ndio unaokusaidia mguu. Dizeli haina kile kikombe. Inavuta hewa yote inayoitaka muda wote, kwa hiyo pale kwenye manifodi hakuna mvuto wa kutegemea. Usipofunga pampu ya vakyumu, breki inakuwa ngumu kama jiwe, na hutaijua nyumbani kwenye uwanja. Utaijua unashuka mlima wa Amani umepakia watu. Injini nzima ya 200Tdi inakuja na pampu hiyo ubavuni. Wauzaji wengine wanaichomoa wanaiuza peke yake. Ikague kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu difu, usiziguse. Zilizomo ni za 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja, na kweli ukifika kilomita 80 kwa saa injini iko kwenye mizunguko kama 2,900 kwa dakika, inapiga kelele. Kuna watakaokwambia uweke za 3.54 za Defender upate mwendo. Mwendo wa kwenda wapi? Ukizibadilisha ni lazima mbele na nyuma zote kwa pamoja, na ile gia nzito ya kwanza inayopanda na mzigo utaipoteza. Gari lile halikutengenezwa kukimbizana na mabasi ya Segera.

Ukienda kule Gerezani, Dar es Salaam, kutazama injini, usiende na dalali, na usikubali waliyokwisha kuiwasha kabla hujafika. Ishike bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, waambie utarudi kesho. Injini yoyote inawaka vizuri ikishapata joto. Iwake mbele yako ikiwa baridi, kisha fungua kifuniko cha oili inavyounguruma. Moshi mwembamba si kitu. Ikiwa inapumulia mkononi mwako kwa mapigo, puf, puf, ringi zimekwisha, hata kama wameisafisha inang'aa. Chomoa kijiti cha oili uitazame kwenye mwanga: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, hedi ina jambo. Hiyo 200Tdi taimingi yake ni ya mkanda, si cheni; mkanda huo utupe siku hiyohiyo ununue mpya. Ukikatika njiani, valvu zinakutana na pistoni, na hapo ni kilio.

Namba iliyogongwa kwenye bloku ifanane na ya kwenye karatasi utakazopewa. Kwenye kadi ya gari kuna namba ya injini ya zamani, itabidi TRA waibadilishe, na trafiki wa hapa kwetu unawajua.

Lakini hata shilingi moja usiitume kwanza. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, inakudanganya, iko safi kila siku. Chesisi ni chuma, na gari limekaa mita chache kutoka kwenye chumvi ya bahari muda wote huo. Jumamosi nitamwita fundi aingie chini na nyundo, agonge kuanzia nyuma kule mzigo unakokaa mpaka kwenye mauntingi za injini. Pakilia chuma, tunaendelea. Pakilia bati au nyundo ikizama, hela ya injini inahamia kwenye chesisi, na injini ya babu yako itachongwa hukuhuku baadaye. Nitakutumia picha jioni, ndipo tuongee bei.

Mama yako