YAH: Mtambo wa kupoza jengo kwa maji ya bahari, Malindi: acheni kuongeza gesi, shusheni bomba

Kwa Meneja wa Ufundi,

Assalaam alaykum.

Tangu kaskazi ianze, mafundi wenu wamekuja mara tatu, wakaongeza gesi ya kupozea, wakaondoka, na mtambo ukazima tena. Hauzimi kwa upungufu wa gesi. Unazima kwa presha kuwa juu, na kila mkiongeza gesi mnaipandisha zaidi. Kasoro iko upande wa bahari.

Ubaridi wa kilowati 250, pamoja na kilowati 60 hivi za kompresa, ni joto la kilowati 310 la kutupwa. Ili maji ya chumvi yalichukue kwa kupanda nyuzi 5 tu, pampu ivute kama mita za ujazo 54 kwa saa. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakipwa, geji yenu wenyewe inasoma mita za ujazo 31 kwa saa, na sindano inatetema: pampu inameza hewa. Mdomo wa bomba mmeufunga juu mno. Pengine mlipima siku za maji mafu, bahari isiposhuka sana. Bamvua la hapa hupanda na kushuka kama mita 4, na kupwa kwake huangukia saa nne au saa tano asubuhi, jua likishaanza kuchoma mabati. Mvuvi yeyote wa Malindi angewaambia bure.

Sahani za kupokezana joto nazo mmeweka za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Kwenye maji ya chumvi yenye joto chuma hicho hutoboka vitundu, hasa chini ya raba ambako maji hutuama. Panahitajika titani. Chujio ni moja tu, kwa hiyo kulisafisha ni kuzima jengo zima. Matokeo yake halisafishwi, na chaza wanaota ndani ya bomba. Chombo kisichopakwa deheni huota magamba, sembuse bomba lenye giza na chakula kinachopita mchana kutwa.

Kipeperushi chenu kinaitaja Toronto, Kanada. Kule, tangu 2004, maji huvutwa kina cha mita 83 katika Ziwa Ontario yakiwa na nyuzi 4 hivi. Ubaridi wake, ukipitia sahani za kupokezana joto, hupoza majengo pasipo kutegemea kompresa. Bahari yetu ya mbele ya mji hufika nyuzi 28 na zaidi wakati wa kaskazi. Haipozi chumba, inapokea joto la kompresa tu, kwa hiyo hatuna nafasi ya kupoteza hata lita.

Tunataka mdomo wa bomba ushushwe mita 2 chini ya kupwa kwa bamvua kubwa, uinuliwe mita 1 kutoka mchangani. Sahani za titani. Machujio mawili yenye vali, moja likisafishwa jingine lifanye kazi. Gesi yote itolewe, ipimwe kwa mizani, irudishwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mtambo.

Tunasubiri ratiba ya kazi kwa maandishi ndani ya siku 14. Malipo ya ziara tatu za gesi hatuyatambui.

Kamati ya Ufundi ya Jengo,
Malindi, Unguja