Mpiga kiwi alipwe papo hapo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wenzangu tunaokaa kwenye stuli za vijana wapiga kiwi, tukainuka na viatu vinavyong'aa, kisha tukasema: "Sina chenji, nitakupa nikipita."

Mimi ni mhasibu mstaafu, jicho langu huenda kwenye hesabu. Kijana anayening'arishia viatu ana makopo mawili, la kiwi nyeusi na la kahawia, brashi ya kufuta vumbi, brashi ya kung'arishia na kitambaa laini cha kumalizia. Hela ya wateja wa asubuhi haigusi. Anaitia mfuko wa shati na kuufunga kwa pini, maana hiyo ni ya kununulia kiwi. Inayofuata ndiyo ya kula na nauli. Kikibaki kitu jioni, anampa mweka hazina wa kikundi chao. Mvua ikinyesha hapati mteja, anakula akiba.

Sasa ukiondoka na deni lake, hukuchukua faida, umechukua mtaji. Kiwi ikishapakwa hairudi koponi. Wakitokea wadaiwa wawili watatu wa namna hiyo, kopo jeusi linakwisha na la pili halinunuliki. Nimemwona akikwangua ukingo wa kopo kwa kijiti, mteja mwenye hela mkononi amekaa anasubiri, mpaka kijana akamwambia kwa aibu, "Samahani mzee, leo nyeusi imeniishia." Yule mzee akainuka, akaenda zake.

Kinachoniuma ni kwamba wanaokopa si mafukara. Ni watu wa mishahara, na ukiwauliza wanakwambia, "Hela yenyewe ndogo tu." Kama ni ndogo, mbona kuilipa inakushinda?

Wapo wanaopenda kutukumbusha kwamba Lula da Silva, aliyeapishwa kuwa Rais wa Brazil mwaka 2003, aling'arisha viatu utotoni. Ni kweli, na ni habari ya kutia moyo. Lakini mimi sitaki kungoja kijana awe rais ndipo jasho lake lihesabiwe. Anadai leo, na kiwi anainunua leo.

Nisieleweke vibaya: sitetei ajira ya watoto. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, uliweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kuanza kazi kwa ujumla, na mwenye umri wa shule mahali pake ni darasani. Nawasemea vijana waliokwisha kumaliza masomo, wakaichagua kazi hii badala ya kukaa bure.

Kwa hiyo tutafute chenji kabla ya kukaa. Mwenye noti kubwa aivunje kwanza, na anayelipa kwa simu atume kabla hajainuka kwenye stuli. Na wewe unayedaiwa tangu juzi, kijana anavikumbuka viatu vyako. Pita umlipe.

Mhasibu mstaafu