Mgeni wa Mombasa aambiwe saa, si mahali tu

Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, wageni hupewa orodha ile ile ya Mombasa: Fort Jesus, Pembe za Ndovu, Mama Ngina, kisha ufuoni. Mahali pote hapo ni pazuri. Kinachokosekana ni saa. Mgeni hufika ngomeni saa saba mchana, kuta za mawe ya matumbawe zikamrudishia jua usoni, akatoka baada ya nusu saa kichwa kikimgonga, akapiga picha chini ya pembe na kuondoka akidhani ameuona mji. Mombasa ni kisiwa, na mambo yake huenda kwa jua, kwa maji na kwa adhana. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako namna ya kuutembea kwa kufuata hivyo vitatu.

Fort Jesus iingiwe asubuhi, mara lango linapofunguliwa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo ikaanguka. Wengi hukimbilia mizinga. Anzeni na jumba la makumbusho, kwenye vyombo vilivyoopolewa baharini kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Kisha tafuteni ule ukuta wenye michoro ya meli na watu waliyoichora Wareno wenyewe. Huo hupitwa na watu wengi, nao ndio unaoonyesha kwamba humo walikaa binadamu, tena wenye kukumbuka kwao. Saa moja na nusu yatosha. Mkitaka mtu wa kuwatembeza, mwulizeni kitambulisho na mpatane malipo kabla ya hatua ya kwanza. Ugomvi mwingi wa langoni hutokana na bei iliyotajwa mwisho.

Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale kwa miguu, kwa barabara ya Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa). Msipande tuktuk, maana utapita milango yote bila kuiona. Vichochoro ni vyembamba na huwa na kivuli hadi jua lipande, kwa hiyo saa tatu hadi saa tano asubuhi ndio wakati wake. Msikiti wa Mandhry, ambao hukadiriwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, una mnara mnene usiofanana na minara ya siku hizi. Utazameni kutoka upande wa pili wa njia, penye kisima, wala msiingie bila kukaribishwa. Mabega na magoti yafunikwe. Salamu itangulie swali, na ruhusa itangulie picha.

Nyumba za huku zinasomeka ukijua pa kutazama. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti haibebi uzito ikipita mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Katika milango tazameni mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili hukutana: mara nyingi nakshi nzuri kuliko zote iko hapo. Tazameni pia mahali plasta inapobambuka. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuacha utoke. Ukuta ukipigwa simenti, unyevu hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya simenti na kuisukuma mpaka ianguke vipande vipande. Mwenye nyumba huona ameokoa fedha, kumbe amenunua kazi ya kila mwaka. Eneo hili lilitangazwa la kuhifadhiwa mwaka 1990, na hilo la simenti ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa maji. Ndia Kuu huwafikisha karibu na Bandari ya Kale, na mtakachokiona hapo hutegemea siku ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikiweza kukaribia mita nne. Kati yake huja maji mafu, yasiyosogea sana. Huku kwetu, siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa tena jioni, kisha kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jibu tayari: tarehe mosi hadi tatu, na kumi na tano hadi kumi na saba. Njooni siku hizo. Asubuhi mtaona mwamba na matope, na kuta za gati zilizo uchi. Jioni maji yale yale yatakuwa yanapiga majabali ya Mama Ngina. Bandarini na kwenye feri, kamera ikae mfukoni.

Adhuhuri pumzikeni. Ijumaa hasa maduka mengi hufungwa kwa swala, basi Biashara Street mwendeni kabla ya saa sita au baada ya saa nane. Leso huuzwa doti, yaani vipande viwili vilivyoshikana, vya kukata na kupinda mwenyewe au kumpa fundi. Ifungueni yote kabla ya kulipa: jina, yaani maneno yaliyochapwa, lisomeke bila kupinduka, pindo lisiwe limekatwa upande mmoja. Soko la Marikiti liko hatua chache kutoka hapo, kwa viungo.

Mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi, ukichelewa utakuta sufuria tupu. Viazi vya karai hutoka alasiri. Mwezi wa Ramadhani msitafute chakula barabarani mchana, lakini baada ya magharibi mji mzima huwa jiko.

Pembe za Ndovu za Moi Avenue ni za alumini, na dakika kumi zinatosha. Jioni iwekeni Mama Ngina, chini ya mibuyu, kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Meli za Kilindini hupita karibu hata watu walio sitahani huonekana. Feri ya Likoni haina nauli kwa waendao kwa miguu. Ipandeni mchana, kwani asubuhi umati unaingia kisiwani na jioni unarudi Likoni.

Aprili na Mei ni masika, mawe ya vichochoro huteleza na bahari huchafuka kwa upepo wa kusi. Disemba hadi Machi ni majira ya upepo wa kaskazi: joto kali, bahari tulivu.

Kwa gazeti lako nina ombi moja. Mnachapisha saa za swala. Chapisheni na saa za maji kujaa na kupwa, hasa mwezi wa Disemba, zikae safu moja.

Mkaazi wa Mji wa Kale,
Mombasa